Figo Yangu Ni ya Ukoo Gani?

Kama ndiyo kwanza unanisoma leo, jina langu ni Zukiswa, mkazi wa Langa, Cape Town, mshonaji wa sare za kwaya, mwenye virusi vya Ukimwi tangu ujana na mwenye mdomo tangu kuzaliwa. Figo zangu zote mbili ziligoma. Niliishi kwa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, nikipimiwa maji ya kunywa kama mtoto anayepimiwa dawa, mpaka siku simu ilipolia. Amefariki mtu, wakaniambia. Ndugu zake wamekubali atoe figo, naye alikuwa na virusi kama wewe. Unaitaka?

Kuna wakati mwenye virusi hakupewa hata nafasi kwenye foleni ya figo. Walituona kama gari bovu, nani alitilie injini? Kisha madaktari wakaamka wakaona kwamba mwenye virusi akifa anaweza kumpa mwenye virusi aliye hai, na hakuna anayepunjwa. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza.

Wiki iliyopita niliishia pale Mzoxolo alipopiga goti kwenye foleni ya vidonge, mbele ya klabu yetu nzima ya wanaomeza dawa za virusi, akaniomba nikubali kuolewa naye. Hapo pia nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Wasomaji mlioniandikia kwamba nilijirahisisha, nimewasikia, na ningejirahisisha tena.

Leo nasimulia jinsi figo ile ile iliyonitoa kaburini ilivyokaribia kuninyima mume.

Kwanza lazima mjue kwamba tangu nipandikizwe nimekuwa mtu wa kucheka hovyo. Aliyewahi kukaa bila kukojoa kwa miaka atanielewa. Siku ya kwanza baada ya upasuaji, nesi Davids aliinua ule mfuko uliojaa mkojo wangu akauonyesha dirishani kama mtu anayekagua asali, akasema, "Mali yako hii, Zuki." Mama yangu akapiga vigelegele. Wodi nzima ikaitikia. Sijui kama kuna familia nyingine iliyowahi kushangilia mkojo, lakini yetu imeshangilia.

Figo yenyewe nikaipa jina, Mgeni. Kila nikiamka naweka mkono pale tumboni nilipokatwa, namsalimia. Namwambia asante. Sijui aliyeitoa alikuwa mwanamume au mwanamke, mlevi au shemasi. Najua tu kwamba alimeza vidonge vile vile ninavyomeza mimi, na kwamba alipoondoka aliniachia kitu.

Basi Mzoxolo akanipeleka Khayelitsha kwa mama yake, MaDlomo, mjane, mwanamke mfupi mwenye macho ya mwalimu wa hesabu. Njia nzima niliogopa atanikataa kwa sababu ya virusi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba.

Sikuihitaji. MaDlomo alinikalisha, akanipa maandazi yaliyojazwa nyama ya kusaga, akaniambia mwanawe naye ana virusi, sasa akinikataa mimi, huyo wake atampeleka wapi. Nikampenda pale pale. Tukacheka. Akaanza kunimiminia chai, na akiwa anamimina akauliza lile swali ambalo kwetu huulizwa kabla ya jina la mtu, yaani ukoo wangu.

Nikamwambia mimi ni Gcina. Baba amefariki, aliyenilea ni baba mkubwa Gladstone, yule kiongozi wa kwaya wa Langa. Nikamuuliza kama amewahi kumsikia.

MaDlomo akaendelea kumimina. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikashuka mezani ikaanza kutafuta njia ya kwenda kwenye gauni langu.

"Nimewahi kumsikia," akasema.

Akafuta meza polepole sana. Alipomaliza alikuwa mtu mwingine. Akalitazama tumbo langu akasema, "Na hiyo figo uliyopewa, ni ya ukoo gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Lazima niwaeleze hapa. Kwetu watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana na babu zao walitengana kabla ya reli. Hawaoani. Mzoxolo ni Radebe na mimi ni Gcina, kwa hiyo njia ilikuwa nyeupe. Lakini MaDlomo akasema, je, huyo marehemu akiwa Radebe? Nitakuwa nimebeba nyama ya Radebe ndani yangu, na mwanawe atakuwa anamuoa dada yake.

Mzoxolo akamwuliza mama yake mbona virusi havimsumbui ila figo ndiyo inamsumbua.

"Virusi havina ukoo," MaDlomo akasema. "Figo inao."



Tukadhani maneno yataishia jikoni kwake. Wapi. Washenga wa Radebe walipokuja kwetu Langa kuzungumza mahari, walisimamishwa getini kama desturi ilivyo mpaka walipotoa chupa ya kufungulia mdomo, wakaketi, mazungumzo yakaenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Nilikuwa nimebana sikio mlangoni. Msemaji wao, Tata (yaani Baba) Hombisile, mdogo wake marehemu baba yake Mzoxolo, ni mzee mpole anayezungumza kama anayeomba radhi. Mwishoni akakohoa. Akasema lipo swali dogo limetoka kwa mama wa kijana.

Akaliuliza. Nikasikia baba mkubwa Gladstone akiangua kicheko. Kisha kicheko kikapungua, kikafifia, kikafa, kwa sababu wazee wengine wote walikuwa wameanza kufikiri.

Mzee akishaanza kufikiri juu ya ukoo, hata umletee bahari aoge, haachi.

Washenga wakaondoka bila kufunga neno. Mimi na Mzoxolo tukaenda hospitali kwa nesi Davids, tukamwomba atwambie ukoo tu, jina abaki nalo.

"Zuki, mimi sijui," akasema. "Na ningejua nisingesema, na ningesema ningefukuzwa kazi, halafu mngenilisha nyinyi?"

Nikamwomba basi aseme hata kama alikuwa Mxhosa.

"Ninachojua alikuwa na figo nzuri. Nyinyi watu mna mambo. Kwetu mtu akiposa tunauliza kama anakoroma, basi." Akamgeukia Mzoxolo. "Wewe unakoroma?"

Mzoxolo akakiri.

"Hilo ndilo la kuvunja uchumba," nesi Davids akasema. Kisha akanishika bega akaacha mzaha. Akaniambia ukoo au si ukoo, harusi au matanga, maji lita tatu kila siku, nisije nikaikausha ile figo kwa sababu ya maneno ya watu. Nikaapa.

Kumbukeni kiapo hicho.

Ni baba mkubwa Gladstone aliyepata ufumbuzi, na ulikuwa wa kwake kabisa. Tangu nimlete Mzoxolo nyumbani, wale wawili walikuwa chanda na pete. Walicheka mzaha mmoja kabla haujaisha, tena kicheko kile kile cha kupanda ngazi, mpaka mama yangu akawa anasema Gladstone amepata mtoto uzeeni. Kwa hiyo baba mkubwa aliitaka ndoa ile kama ninavyoitaka mimi.

Akasema jambo ni rahisi. Tunapochinja mbuzi kwa ajili ya wahenga, si tunangoja alie? Akilia, wahenga wamejibu. Basi figo nayo iulizwe. Tutafanya shughuli ya kumshukuru aliyetoa, na katika kushukuru zitatajwa sifa za koo zote, ukoo mmoja baada ya mwingine. Figo ikisikia watu wake, itajibu.

Nikamwuliza itajibuje.

"Tutajua," baba mkubwa akasema.

Mzoxolo akauliza je, ikiwajibu Radebe.

"Koo zote hizi, ichague Radebe kwa nini? Haitajibu kabisa. Itanyamaza, tutakula mbuzi, mtaoana."

Tukakumbatiana sote watatu. Msinione mjinga, nilikuwa nimependa.

Siku ya shughuli upepo wa mlimani ulikuwa unavuta nguo kwenye kamba. Turubai lilifungwa uani, pombe ya mtama ikapangwa kwa ndoo, kukawa na mahindi yaliyopondwa na maharage, na soda ya tangawizi ya mama ambayo imewahi kupasua chupa. Radebe wakaja wengi. MaDlomo alishuka garini wa mwisho. Baba mkubwa alikwenda kumpokea kwa mikono miwili, kisha sijui nini kikampata, maneno yakamwishia katikati ya salamu. Yeye, Gladstone, mtu ambaye hata kwenye mazishi lazima akumbushwe kuketi. MaDlomo akapita, akaenda kuketi akiwa amempa mgongo. Nikasema moyoni, tazama heshima ya wajane wa zamani, hata kumtazama mwanamume hawamtazami.

Mbuzi akalia vizuri, mlio mrefu. Watu wakaitikia "Camagu," yaani wahenga wamepokea.

Nikaletwa nikaketishwa mkekani katikati, blanketi mabegani, kitambaa kichwani, macho chini. Na hapa pana sharti. Sifa za ukoo zikitajwa, aliyeketishwa mkekani hainuki. Kuinuka ni kuwapa wahenga kisogo. Mama alijua kiapo changu kwa nesi Davids, kwa hiyo kila mara alikuwa ananisogezea jagi la maji, na mimi bibi harusi mtiifu nakunywa.

Baba mkubwa akaanza na watu wetu, kwa majina yetu ya sifa, Gcina, Tyhopho, Xhamela. Kimya. Akaenda ukoo wa Bhele. Kimya. Akaenda Tolo. Watu wote walikuwa wanalitazama tumbo langu kama televisheni.

Tatizo la baba mkubwa ni kwamba yeye ni mtu wa kwaya. Hajawahi kumaliza wimbo bila kuurudia. Kila ukoo aliupa beti zake zote, na aliposahau alirudi mwanzo. Alipofika Dlomo nilikuwa nimeanza kukaza miguu. Alipofika Tshawe nilikuwa nasali. Nilimtazama mama, mama akadhani nina kiu, akanisogezea jagi.

Na Radebe je? Radebe walikuwa wageni, na adabu inataka mgeni ndiye afunge shughuli. Baba mkubwa aliwaweka wa mwisho, tena akawawekea sauti yake kubwa kuliko zote.

"Radebe," akanguruma. "Bhungane. Mthimkhulu. Mashwabada, uliyemeza ng'ombe pamoja na pembe zake."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka blanketi likipeperuka, nakumbuka kuruka miguu ya mtu, nakumbuka mlango wa choo kwenye kona ya ua na mimi nyuma yake. Wasomaji, ule haukuwa mkojo, ulikuwa mto umevunja kingo.  Nikiwa mle nikasikia vigelegele. Kwa mazoea ya wodini nikadhani wananishangilia.

Nilipotoka, Tata Hombisile alikuwa amesimama ameshika kofia yake mkononi, machozi yanamtoka.

"Imejibu," akasema.

Nikamwambia Tata, nilikuwa nakwenda chooni. Mzoxolo naye akasema, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumwinulia baba yake mdogo, kwamba mtu amekunywa maji jagi zima.

"Mwanangu," Tata Hombisile akamjibu kwa upole, "figo ikitaka kusema isemee wapi? Puani?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hata wa upande wetu. Hata mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja niliona ana hoja.

Kilichofuata sijui nikiite msiba au sherehe. Radebe walinifurahia kupita kiasi. Shangazi zao walinikumbatia wakiniita mwanamke wa kwao. Bibi mmoja akanishika shavu akasema hii pua ni ya Bhungane kabisa, kana kwamba nilipandikizwa pua. Wakaniletea kile kipande cha nyama anachopewa binti wa nyumba. Sijawahi kupendwa hivyo na watu wasiotaka niolewe na kijana wao, na nilikuwa nacheka, na nyama ilikuwa tamu.

Aliyepiga vigelegele kuliko wote alikuwa MaDlomo. Alipiga mpaka sauti ikakwaruza. Nilimwona akifuta jasho, ametulia, kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya mwendo mrefu.

Nikamtafuta Mzoxolo kwa macho. Alikuwa amesimama peke yake kando ya nguzo ya turubai. Hapo kicheko kikanikauka. Nikaelewa kwamba mzaha wote huu ulikuwa umeninyang'anya mtu. Kifua kikauma kuliko kilivyoniuma siku niliyoambiwa figo zimekufa, maana siku ile Mzoxolo alikuwa hajawa wangu.

Bibi harusi hasemi mbele ya wazee. Nilisema.

"Huyu aliyenipa figo hakuniuliza mimi ni nani," nikasema. "Mwili wangu ungemfukuza tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kila siku nameza vidonge ili usimkatae. Nimemeza na vingine vya virusi, vyangu na vyake. Nimekubali vyote. Sasa nyinyi niwameze na kidonge gani, ili msimkatae Mzoxolo wangu?"

Sikulia kwa adabu. Nililia kwa kamasi. Mama akaja akanifuta kwa aproni mbele ya wageni.

Kisha baba mkubwa Gladstone akainua fimbo yake, na ile sauti yake ya kwaya ikarudi. Akasema Radebe, mmesema figo ni yenu, sibishani na wageni. Lakini nyinyi na sisi tunajua kwamba ndugu wa mbali wakipendana kuna mbuzi wa kukata undugu. Anachinjwa, wahenga wanaelezwa, na mambo yanakwisha. Hawa wawili undugu wao ni wa kipande cha nyama kisichozidi ngumi. Kama mbuzi anakata undugu wa mtu mzima, atashindwa na wa ngumi?

Tata Hombisile akavaa kofia. Akavua. Akawageukia wazee wake, wakanong'onezana. Kisha akasema Gcina amesema kweli. Mbuzi mmoja, na wao ndio watamleta.

Sijui nani alianza wimbo. Najua ndoo za pombe zilifunguliwa, shangazi zangu wapya wakaanza kunipongeza kwa kuacha kuwa ndugu yao, na Mzoxolo akavuka ua wote mbele za watu akanishika mkono. Alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kupanda ngazi, na baba mkubwa nyuma yetu anacheka hicho hicho. Nikamwambia Mgeni kimyakimya, umesikia? Tunaolewa.

Wanawake wote walikuwa wanaimba isipokuwa mmoja.

MaDlomo alikuwa amesimama.

"Mbuzi mmoja hatoshi," akasema.

Tata Hombisile akacheka kidogo. "MaDlomo, tutaleta wawili."

"Leta zizi zima. Halitoshi."

Wimbo ukakatika, sauti moja moja, mpaka ikabaki ya mama yangu peke yake, naye akajishtukia.

MaDlomo alikuwa ameshika ncha za shali yake kwa mikono yote miwili. Alisema alijaribu. Alisema aliuliza lile swali la figo akiomba Mungu ndoa ivunjike kwa njia nyepesi, watu wacheke, waende nyumbani. Na leo figo ilipojibu alidhani Mungu amemsikia. Sasa wanataka kulimaliza kwa mbuzi.

"Nyinyi mnakata undugu wa figo," akasema. "Wa damu mtaukata na nini?"

Nikahisi vidole vya Mzoxolo vikikaza ndani ya vyangu.

"Mzoxolo si Radebe," mama yake akasema. "Marehemu alimlea akiamini ni wake, na alimpenda, na mimi nilimwacha aamini. Niliingia kwenye ndoa ile na mimba changa. Tata Hombisile, nisamehe, utaniadhibu kesho."

Tata Hombisile alikuwa ameketi chini, pasipo na kiti.

"Baba yake ni mtu wa Gcina," MaDlomo akasema.

Gcina. Ukoo wangu. Nilisikia mtu akisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo, na baadaye nikaambiwa ni mimi.

Jambo la namna hii likitajwa, mkubwa wa ukoo uliotajwa ndiye anayepaswa kuuliza. Watu wote wakamgeukia baba mkubwa Gladstone. Alikuwa bado ameinua fimbo, kama kiongozi wa kwaya aliyesahau wimbo gani unafuata. Alikohoa. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake, ilikuwa nyembamba.

"Gcina ni wengi, MaDlomo," akasema. "Ni Gcina yupi?"

MaDlomo akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari, akamtazama usoni.

"Gladstone," akasema, jina tupu, bila baba, bila Tyhopho. "Wewe ndiye unayeniuliza?"

Mkono wa Mzoxolo ulikuwa bado ndani ya wangu. Yeye hakujua kama auachie, na mimi sikujua.

Baba mkubwa alitua fimbo mkekani taratibu. Akamtazama Mzoxolo, akanitazama mimi. Kisha akakimbia, mzee mzima, akapita katikati ya wageni na ndoo za pombe mpaka kwenye kona ya ua, akaingia chooni, na sote tukasikia komeo likifungwa.

Na yeye figo zake zote mbili ni za kuzaliwa nazo.